Usukani Upande wa Masanduku

Bonde la Sorrel, Kentucky
11 Machi 1996

Mpwa wangu Hobert,

Hujambo huko Ohio? Kiwanda kinakulisha au kinakutafuna? Mimi mzima, ukiiacha nyonga. Usukani uko kushoto, masanduku ya barua yapo kulia mwa njia, basi miaka yote hii nimepeleka barua nikiwa nimekaa katikati ya gari: mguu wa kushoto kwenye pedeli, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia dirishani ukitia barua kwenye masanduku ya watu. Daktari aliitazama nyonga akauliza kama niliwahi kuangushwa na farasi. Nikamwambia, "Farasi ni serikali, na bado nimempanda."

Sasa sikiliza. Gari langu limenifia katikati ya kijito, giaboksi imekwisha. Bwana Prater, msimamizi wetu mpya wa posta, anataka kabla Aprili haijaisha nimwonyeshe gari ambalo dereva anakaa kulia kama binadamu, usukani mbele yake, breki chini ya mguu wake. Nikishindwa, barua za bonde la juu zitaishia kwenye masanduku ya pamoja kule njia panda ya lami. Ollie Fugate ni bibi kizee, dawa yake ya sukari huja kwa posta. Atashukaje? Kwa mbawa?

Gari limebaki moja: jipu la marehemu kaka yangu, baba yako, lililo bandani. Ni lako, alikuachia. Naomba ruhusa tulihamishie usukani upande wa kulia, na mikono yako ukiweza. Wala usinipigie simu. Anayekula kwa barua hawezi kuwa wa kwanza kuziacha.

Shangazi yako,
Oveda


Dayton, Ohio
20 Machi 1996

Shangazi,

Shikamoo. Barua imefika, na nyonga yako imeniuma hata mimi. Huku baridi haijaondoka, lakini afya ipo.

Jipu, hapana. Mara ya mwisho kumwona baba akicheka alikuwa humo ndani, kiwiko nje ya dirisha la kushoto. Nikiitoboa ile dashibodi nitakuwa nimemtoboa yeye. Nataka libaki alivyoliacha.

Na nikwambie neno usilolipenda. Watu wa bonde la juu wamechagua kukaa huko. Dunia inakwenda, Shangazi. Staafu. Kaa barazani na maharage yako na mkate wa mahindi, uwatukane wanasiasa wa redioni. Hiyo kazi unaiweza bila gari.

Mpwa wako,
Hobert


Bonde la Sorrel
27 Machi 1996

Hobert,

Marahaba. Mimi sijambo, na hasira zangu hazijambo.

Dunia inakwenda wapi? Kila anayeniambia hivyo anakuwa amekaa kwenye lami. Ati wamechagua! Ollie alizaliwa katika nyumba ile. Wewe ulichagua pa kuzaliwa? Kodi yake ikitakiwa, hakuna anayeuliza njia ikoje. Dawa yake ikitakiwa, ndipo tunaambiwa kijito kina maji. Leo wakiinyima nyumba yake barua kwa sababu iko mbali, kesho watainyima yako kwa sababu nyingine. Visingizio havijawahi kuadimika nchi hii.

Unajua kwa nini Ollie huinua bendera nyekundu ya sanduku lake kila siku, hata asipokuwa na barua ya kutuma? Ili nisimame, nijue yu hai. Nipate wapi bendera ya namna hiyo kwenye masanduku ya njia panda, yaliyopangwa kama makaburi?

Baba yako aliliendesha jipu lile kijitoni kuwavuta watu waliokwama, wakiwemo waliomtukana Jumapili iliyotangulia. Umelifunika turubai ukaliita kumbukumbu. Nimelifunua. Unajua kumbukumbu gani imo? Panya, Hobert. Na watoto wao.

Nisipopata jibu kabla ya Pasaka, nitahesabu umekubali.

Shangazi yako,
Oveda


Dayton
4 Aprili 1996

Shangazi,

Shikamoo. Umeshinda. Hujawahi kushindwa, ila safari hii umenishinda kwa panya.

Kwenye kifurushi kuna puli mbili, yale magurudumu ya kuzungushia mkanda, mkanda wenyewe, usukani wa pili, na pedeli zenye fito zake za chuma. Usukani wa zamani utabaki palepale kushoto. Mkanda utaufunga na huu wa kulia, ukizungusha mmoja na mwingine unafuata. Pedeli ni hivyo hivyo: ukikanyaga ya kulia, ufito unaikanyaga ya kushoto. Hakuna kutoboa dashibodi. Nimetafuta namna ya kumwacha baba mahali pake.

Mpe jirani yako Asher afunge. Lakini usilitoe barabarani kabla sijaiona breki kwa macho yangu. Nakujua. Nasema tena: usilitoe.

Mpwa wako,
Hobert


Bonde la Sorrel
17 Aprili 1996

Hobert mwanangu,

Natumaini u mzima, maana mimi nina kifundo cha mkono kilichovimba na heshima iliyovimba zaidi. Kwanza, kifurushi chako kilipungukiwa stempu, nikakulipia. Usirudie.

Pili, nililitoa.

Usipige kelele. Vifaranga aliowaagiza Ollie walikuwa wamefika kwa posta ndani ya boksi lenye matundu, na vifaranga hawangoji ukaguzi. Nikaliweka boksi kiti cha kushoto pamoja na barua. Usukani mtamu, Hobert! Nilikaa kulia, mgongo umenyooka kama malkia. Kwenye mteremko wa kwa Asher nikakanyaga breki. Ikakataa. Nikakanyaga tena, nikasikia "chii, chii, chii" chini ya dashibodi. Boksi lilikuwa limeteleza likajikita chini ya pedeli ya zamani. Yangu ya kulia inaisukuma ile ya kushoto, na ile imekalia vifaranga.

Nikakata kona nikaingia kwenye nyasi kavu za Asher. Akatoka na uma wake wa kugeuzia nyasi mkononi.

"Oveda, sanduku langu liko kule barabarani!"

"Leo nakuletea mpaka mlangoni. Nitoe!"

Vifaranga wote wazima. Ollie alipowapokea akasema, "Mbona wananitazama kama watu waliotoka vitani?"

Prater amesikia. Anakuja kulikagua jipu tarehe ishirini na tisa, na anatabasamu tayari. Mkosaji ni mimi, si fito zako. Lakini sitalirudisha jipu chini ya turubai. Ukija, njoo. Usipokuja, nitaliegemeza bonde hili begani mwangu.

Shangazi yako,
Oveda


Bonde la Sorrel
30 Aprili 1996

Hobert,

Umefika salama? Uliingia bila hodi ukapita moja kwa moja bandani, ukaondoka Jumapili kabla kahawa haijachemka. Sikupata hata nafasi ya kukugombeza. Sasa pokea habari.

Jana Prater aliinama, akakigonga kwa kalamu kile kizuizi cha bati nene ulichozungushia pedeli za kushoto.

"Nani amekufanyia hii?"

"Fundi wa ukoo."

"Kitu kikianguka?"

Nikamrushia pale kopo la maharage. Likagonga bati likatulia. Nikakanyaga breki yangu ikashuka hadi mwisho.

"Sawa, lakini kijito—"

"Panda nyuma, ukae na barua zako."

"Mama, sina pa kushika!"

"Shika imani."

Tulivuka, maji kwenye vizingiti vya milango. Ollie alikuwa amesimama kwenye sanduku lake. Akamtazama Prater alivyolowa, akasema, "Kumbe wewe ndiye uliyetaka nikachukue dawa kwenye lami? Ingia, unywe mtindi kwanza. Kushuka huko ni mbali, eti?" Prater alikunywa glasi nzima. Kisha akatia saini. Bonde la juu linabaki kwenye njia yangu.

Asante. Nimelisema mara moja, usilizoee. Asher anasema alikuona mbele ya nyumba ya baba yako, umeliinua lile sanduku la barua lililolala majanini tangu mazishi, umesimama nalo tu. Sikuulizi.

Shangazi yako,
Oveda


Bonde la Sorrel
3 Juni 1996

Hobert,

Sikuulizi hali, bendera imeshaniambia.

Mwezi mzima hukujibu. Nikajisemea, basi, kiwanda kimemmeza. Leo napita kwa marehemu kaka, mahali nisiposimama siku hizi, naona sanduku limesimama juu ya nguzo mpya, bendera nyekundu imeinuliwa, madirisha ya nyumba yamefunguliwa. Kumbe umerudi nyumbani. Nikakanyaga breki, ikashika. Ndani mna bahasha yenye jina langu, kwa mwandiko wako. Haina stempu.

Sijaifungua. Nimekurudishia humo humo. Sitabeba barua ya bure hata ya damu yangu, wala Prater sitampa hilo tabasamu. Hii yangu ina stempu, itazame vizuri.

Stempu nauza mwenyewe. Kesho napita. Ningoje upande wa kulia.

Shangazi yako,
Oveda