Mkwe Wangu Rubani na Baiskeli Yake

Shoga, niko hospitali, acha nikwambie!

Kabla hakujakucha nikasikia zipu ya begi la mkwe wangu rubani. Leo ananileta kwa kindege chake, nimwone dada kabla hajaingia kupasuliwa.

Angani raha tupu. Basi linakula nusu siku, mimi hata sikuwahi kusinzia.

Tukatua kwenye kiwanja cha majani. Hakuna gari. Hakuna mtu. Ng'ombe tu wanatukodolea macho, mji uko kuleee.

"Usihofu Mama, nimejipanga." Akatoa baiskeli ya kukunja. Moja! Haina hata keria!

Nikamuuliza, "Na mimi nikae wapi, baba? Kwenye kengele?"

Akanijibu eti dawa ya shida hii ni kununua gari linaloruka. Nikamwambia haya, tulingoje hilo gari hapa hapa na ng'ombe!

Katuokoa dereva wa pikapu ya maziwa. Akanitandikia sweta lake nikalie, Mungu amweke.

Tunafika, dada anasukumwa kitandani kuelekea chumba cha upasuaji. Muuguzi akaniona navyohema, akasimamisha kitanda.

Nikamsimulia dada safari yetu haraka haraka, akanipangusa vumbi usoni, akacheka. "Kesho uje tena, nitakuwa nimezinduka. Ila mdogo wangu, panda basi."