Vyuma vya Chumba cha Juu

Ashmead, Warwickshire
Novemba 1957

Mpendwa mdogo wangu Percy,

Natumai barua hii itakukuta salama huko Kanada, wewe, Doreen na watoto, na kwamba kifua chako kimetulia. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine yasome ukiwa umeketi.

Simu ya maandishi niliyokupelekea ilisema tu kwamba nyumba ya mfereji imeanguka na Mama amefariki. Haikuwa na nafasi ya zaidi.

Tangu mashua za makaa ziache kupita, wenye mfereji walikuwa wakimtaka Baba ahame. Mwezi wa tisa wakamtuma bwana mmoja kuipima nyumba, naye akaisifu mno. Alisema waliochimba mfereji walikuwa mafundi wa madaraja, basi hata mlinzi wa malango ya maji wakamjengea paa la matofali lililopinda kama daraja. Akamweleza Mama kwamba paa zito namna ile huzisukuma kuta nje, na kinachozishika ni vile vyuma vilivyokatiza chumba cha juu, ambavyo Mama alianikia nepi zetu. Mwishowe akasema watu wa mjini wataipenda sana kwa mapumziko ya kiangazi.

Baba alimfukuza. "Nimefungua malango haya tangu sijaota ndevu," akafoka, "leo nimpishe mtu anayekuja kulisha bata?" Mama akamcheka: "Amos, acha kujitutumua. Nyumba ni yao. Chako humu ni kikohozi tu." Baba hakucheka.

Mama alikuwa na hamu ya kuhama, Percy. Alisema amechoka na kuta zilizopinda ambazo hata kabati haliwezi kuegemezwa sawasawa. Alikwisha kushona mapazia ya chumba nilichowaandalia hapa kwangu.

Mvua ilinyesha juma zima. Jumanne asubuhi Baba alikuwa nje akichota makaa, Mama yuko juu akikunja mashuka. Ukuta wa upande wa maji uliinama, na paa lote likashuka. Majirani walifukua kwa mikono. Mkaguzi aliyekuja kuchunguza alisema ni uzee wa nyumba, na kasisi akarudia hivyo hivyo kanisani.

Si uzee. Baada ya maziko Baba alinifuata jikoni, akaniambia. Bwana yule alipokwisha kuondoka, na Mama akiwa sokoni, Baba alivikata vile vyuma kwa msumeno, akaziba mikato kwa nta na masizi. Alitaka nyumba ianguke yeye na Mama wakishahama, asilale humo mtu mwingine. Akangoja aone kuta zikitikisika, zisitikisike. "Nikadhani yule bwana alikuwa anajitia ujuzi tu," akaniambia. "Nikadhani nyumba ni imara, Hilda. Nikamwacha mama yako aendelee kulala humo."

Sijamwambia mtu. Wanaokuja kutoa pole huilaumu nyumba, naye Baba hunitazama mpaka waondoke. Jana alivaa koti akaniomba nimpeleke polisi. Nikamvua koti, nikamvua viatu, nikamlaza. Sijui kama nilimhurumia au nilimnyima nafuu.

Nambie tufanye nini. Yeye usimwandikie kwanza.

Wabusu watoto. Waambie bibi yao hakuteseka. Daktari ndivyo alivyosema, nami sikumuuliza mara ya pili.

Dada yako akupendaye,
Hilda