Vikaango Vyeusi vya Wifi

Jumatatu, 4 Agosti

Nisamehe, daftari. Mara ya mwisho nilikuandikia nikiwa na tumbo. Sasa Makena ana miezi minane na meno mawili, na tangu azaliwe sijalala vizuri. Sina kisingizio kingine.

Leo maboksi yamefika kutoka Nairobi. Kumi na moja. Ni vyombo vya jikoni vya nyumba ya Gatwiri, dada ya baba Makena. Ameijenga hapa Githongo, kwa shamba la nyumbani, upande wa juu wa mibuni ya kahawa, awe akiwakodisha watu wa likizo. Sisi tunakaa nyumba ndogo ya nyuma. Ufunguo nimeshika mimi. Wageni wa kwanza wanaingia Jumamosi, watu saba.

Wifi yangu hazungushi maneno. Wageni wakilalamika, ufunguo utaenda kwa watu wa mjini Meru wanaotunza nyumba kama hizo, na nyumba ya nyuma watakaa wao. Sisi tutafute pengine. Alisema hivyo nikimnyonyesha mtoto wa kaka yake.

Nimefungua maboksi mawili. Makena ameramba povu la sabuni. Basi kwa leo.

Jumanne, 5 Agosti

Yote yamefunguliwa. Glasi za mvinyo kumi na mbili. Kizibuo. Mashine ya kahawa yenye vidude ambavyo sijui. Vikaango vitatu vyeusi, vile ambavyo chakula hakishiki, vizito, vizuri sana.

Sufuria kubwa hakuna. Mwiko hakuna. Chupa ya chai hakuna, na huu ni mwezi wa nane, ukungu hautoki mpaka saa tano.

Nikampigia Gatwiri. "Wageni wa siku hizi hawasongi ugali, mama Makena. Panga tu kama kwa picha." Nikasema sawa. Sikuona kama ni sawa.

Jumatano, 6 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa na kliniki ya mtoto. Fundi wa gesi alikuwa anakuja, kwa hivyo ufunguo nikamwachia Mami, mama mkwe wangu. Ni mama ya baba Makena na ya Gatwiri.

Nimerudi saa kumi. Mami alikuwa ameketi karibu na mfereji, miguu ameinyoosha, anatabasamu. Mbele yake vile vikaango vitatu, vimepinduliwa juani. Vyeupe. Vinameta kama sufuria za harusi.

"Huyu Gatwiri wangu walimuuzia vitu vimeungua," akaniambia. "Wageni wangesema nini juu yetu?"

Alivisugua kwa majivu na waya tangu saa sita. Ndani, nje, mpaka chini. Ule weusi wote wa dukani umeenda na maji. Vidole vyake vimepasuka, kimoja kinatoka damu. Nikamwambia, "Asante Mami." Kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia, Makena mgongoni akinivuta nywele.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejaribu yai kwa kimoja. Limeshika kama gundi. Havifai tena.

Nimeenda hadi Meru mjini na mtoto. Vya namna hiyo hakuna. Viko vingine vyepesi, vyekundu. Gatwiri angejua akiwa bado mlangoni.

Jioni akataka picha ya jikoni. Nikafungia vikaango kwa kabati, nikapiga picha. Akajibu, "Safi kabisa." Nimedanganya bila kusema neno. Najichukia.

Baba Makena yuko Mitunguu kwa shamba la ndizi, anarudi Jumapili. Nimempigia. "Si umwambie ni mama yake?" Rahisi hivyo, kwake. Mwezi jana Gatwiri alimkataza Mami kuingia ile nyumba na gambuti zake za shambani. Mami alirudi jikoni kwake, hakunywa chai siku hiyo. Sasa nimwongezee hii?

Hapana.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia Gatwiri. Kwamba vikaango vimesuguliwa kwa waya, vimeharibika, na picha ya jana nilivificha.

"Nani amevisugua?"

Nikasema ufunguo ulikuwa wangu. Akauliza tena. Nikasema hivyo hivyo.

Akanipigia kelele. Kwani sikuenda shule? Kwani kwetu vikaango havipo? Nikamwacha amalize. Anakuja Jumapili kuchukua ufunguo. Kwa hivyo tuna siku mbili.

Nimekaa. Halafu nikawaza, wageni bado wanakuja, na watu saba hawawezi kupika kwa glasi za mvinyo. Nimebeba vyangu vyote. Sufuria kubwa niliyopewa na mama yangu nikiolewa, ile ndogo ya chai, kichungi, mwiko, kibao, chupa mbili za chai. Kwangu kumebaki kisufuria cha uji wa Makena. Jioni tumekula viazi vitamu vilivyochomwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamefika saa nane. Baba, mama, watoto wanne na shosho wao, amevaa sweta mbili. Ni mzaliwa wa upande wa Muthara, amekuja kumwona dada yake.

Hata kuketi hajaketi. "Sufuria ya chai iko wapi?" Bintiye anafungua kabati, mimi roho mkononi. Ya kwanza, glasi. Ya pili, glasi. "Ai, kwani tumekodisha baa?" shosho akasema. Wakacheka. Kisha wakafungua ya chini, wakaona vyangu.

Wamepika mukimo wa viazi na mahindi. Shosho mwenyewe ndiye aliyeponda, kwa mwiko wangu, na mtu akimwambia apumzike anatishiwa na huo mwiko.

Hakuna aliyeshika mashine ya kahawa. Lakini kesho ni kesho.

Jumapili, 10 Agosti

Wageni walitoka asubuhi kwenda Muthara. Gatwiri amekuja saa sita. Hakunisalimia. Ameenda moja kwa moja jikoni, nami nyuma, ufunguo kwa ngumi.

Akachukua kikaango kimoja. Akakigeuza. Akapitisha kidole chini yake, pale ambapo hakuna mtu huangalia. Pameng'aa kama ndani. Akakipitisha tena na tena mpaka Makena akaanza kulia.

"Mami alikuwa anatuchapa, chini ya sufuria ikibaki nyeusi," akasema.

Mimi sikutaja mtu.

Akaona sufuria zangu kwa jiko, zimeoshwa, zimefunikwa. Akauliza ni za nani. Nikamwambia. Akauliza sisi tunapikia nini. Nikamwambia pia.

Akatoka, akaenda kwa Mami. Nikiwa kwa kamba ya nguo nimewaona mlangoni. Mami anaongea, anaonyesha kwa mikono jinsi alivyosugua. Gatwiri ameshika ile mikono. Kwamba vikaango vimeharibika hakumwambia. Mpaka sasa Mami anajua alimsaidia binti yake.

Kabla ya kuingia gari nikamnyooshea ufunguo. Akaurudisha kwa kiganja changu, akakifunga. "Nyinyi kaeni. Na orodha ya vyombo uandike wewe. Kila kitu."

Baba Makena amefika na ndizi saa kumi, ameuliza mbona nimekaa chini.

Jumanne, 12 Agosti

Mvua ndogo. Makena amelala. Wageni waliondoka jana, wameomba nyumba tena Krismasi. Shosho alitaka kwenda na mwiko wangu. Nilikataa.

Nimeandika orodha ya kumtumia Gatwiri:

Sufuria kubwa moja, ya watu kumi, na kifuniko chake. Za kati mbili. Ya chai moja, yenye mkono. Vichungi viwili. Miko miwili ya mti, mirefu. Chupa za chai tatu. Vikombe kumi vyenye masikio, si glasi. Kibao na kisu cha kukata sukuma. Karai. Vitambaa vya kuepulia. Vikaango vyeusi viwili, na nitavipanga rafu ya juu kabisa, Mami hafiki.

Mafuta ya mikono, kopo kubwa. Hilo si la wageni.