Taa Mpya za Kobe

Mshauri mpendwa, nakuandikia mikono ikiwa bado na unga, nisaidie, maana nina furaha na hofu kwa pamoja na sijui nianze na ipi. Mimi ni mwoka mikate, mume wangu ni seremala, na kila alfajiri hunipeleka kugawa mikate madukani kwa gari tuliloachiwa na baba mkwe, tunaliita Kobe, ambalo vioo vya taa zake vilikuwa vimegeuka njano hata ukiziwasha ni kama umebeba mishumaa miwili. Basi shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi umeme wa magari, akatufungia taa za kisasa za projekta, sote watatu tukashinda gereji, na alipoziwasha zikiangalia ukuta, mshauri wangu, niliruka! Mwanga mweupe pee, juu umekatika sawasawa kama uliopigwa rula, ili anayekuja mbele asiumie macho.

Alfajiri iliyofuata nikawa naona kila kokoto, kila shimo, hadi paka aliyelala juu ya matofali, napiga makofi kama mtoto, lakini mume wangu akaguna, "Mbona mimi naona ukungu tu? Mdogo wangu katufungia takataka," na hapohapo nikaona mtu anasukuma baiskeli, nikangoja mume wangu apunguze mwendo, hapunguzi, nikapiga kelele, "Mtu! Mtu huyo!" akakanyaga breki, mikate ikamwagika yote, na yule bwana akabaki ameikumbatia baiskeli yake mbele ya bampa. Mume wangu akashindwa kuendelea kuendesha, nikashika usukani mimi, na sikufichi, niliendesha vizuri na nikapenda mno. Sasa yeye na mdogo wake hawasemeshani, anataka taa zing'olewe, na mimi najua kasoro si taa, ni macho yake, kwani siku hizi hata futi ya kupimia mbao huniita nimsomee. Nikimwambia atasema nataka kumpokonya usukani, na kibaya zaidi, nautaka kweli! Nifanyeje?

Mwoka mikate

JIBU

Dada yangu, hongera kwa taa, hata mimi nimezitamani. Lakini umejua macho ya mwenzio yana kasoro tangu kwenye futi, ukanyamaza, mpaka mtu wa watu akaponea chupuchupu? Hapo nakugombeza, tena bila kupunguza.

Naelewa unachoogopa. Seremala asiyeona vizuri anaogopa kuliko wewe, ndiyo maana anazisingizia taa. Usimwambie mbele ya shemeji, wala mkiwa garini. Kaa naye mezani, umwambie hivi: "Baba, yule mtu mimi nilimwona mapema, wewe hukumwona." Kisha nyamaza, umwache alie au afoke. Halafu mpeleke kwa daktari wa macho, uingie naye ndani. Huenda ni miwani tu, huenda ni mtoto wa jicho, na ugonjwa huo una matibabu.

Mpaka daktari aseme, funguo zikae kwako. Kuupenda usukani si dhambi, mwambie na hilo pia, asije akaligundua mwenyewe. Taa ziacheni zilipo, na kaka mtu akamwombe mdogo wake radhi.

Kesho alfajiri endesha wewe. Akikataa kukaa kiti cha abiria, mikate ilale.