Digrii Uliyoniletea Asubuhi

Baba Warda,

Wali umo kwenye sufuria, mchuzi wa samaki nimeufunika. Warda anywe dawa akishakula. Usisahau!

Nimekwenda Utete, ofisi ya elimu, kuulizia chuo kikuu cha kusomea nyumbani kinachotambuliwa na serikali. Nitarudi jioni. Hapana, hiyo nimeifuta. Nitalala kwa dada Mwajabu, sasa hivi sitaki kukuona.

Unanikabidhi digrii yenye jina langu mbele ya kaka yako, unacheka, "Mwalimu, umeshahitimu!" Eti umeiagiza kwenye intaneti huko Dar. Mimi sijasoma hata ukurasa mmoja! Nakuuliza mtihani nimefanya lini, unanijibu, "Cheti ni cheti, nani atauliza?" Nitajiuliza mwenyewe. Watoto wa watu nawatoa nje wakiibia mtihani, halafu nitundike uongo ukutani kwangu?

Mwaka mzima nakuambia nataka kusoma. Kumbe wewe unasikia nataka karatasi. Hilo ndilo linaloniuma.

Chai imo kwenye chupa. Kuni zilikuwa mbichi, moto nimeuwasha kwa digrii yako.

Mama Warda