Matangazo ya Mzee Nandonde

Jumatatu, 7 Juni 1993

Nimebandika matangazo matatu leo kwenye ubao wa getini. La maji ya kunywa, la zamu za wafumaji, na moja refu la kurasa mbili kutoka kwa wenye kiwanda wapya. Hilo nililipiga taipu Jumamosi, mawazo yote yakiwa kwa Salumu. Asubuhi ile aliamka kabla yangu akanipikia chai ya maziwa. Wiki ya sita tangu harusi, na bado nikiona shati lake kwenye kamba moyo unaruka.

Saa mbili na nusu Mzee Nandonde, opareta wetu wa simu, akanipigia kama kawaida. Haoni tangu utotoni. Mie humsomea matangazo mapya kwa simu ya ndani, yeye huyatoboa kwa nukta nundu huko chumbani kwake ghorofani, na wafumaji wasiojua kusoma hupita kwenye dirisha lake la koridoni awaambie. Wazo langu hilo. Mwaka jana nilisifiwa mbele ya watu.

Leo akasema Bwana Salumu yuko laini ya nje, je, tuanze na matangazo? Nikamwambia hakuna jipya, mzee, niunganishe. Nitamsomea kesho. Salumu ameona khanga dukani, alitaka nichague rangi. Nimechagua ya zambarau. Nina raha mpaka naona haya.

Jumanne, 8 Juni

Salumu kapiga mapema zaidi. Mzee akauliza matangazo, nikasema hakuna. Mzee akanitania, bibi harusi, sauti yako leo ina sukari. Nimecheka peke yangu masjala nzima.

Ijumaa, 11 Juni

Mzee aliuliza tena kama kuna lolote. Nikasema ni yale yale ya maji. Nilikuwa na haraka, nilitaka kumaliza kazi mapema niwahi Mabibo sokoni kununua nazi na ndizi mzuzu. Salumu anapenda za nazi. Amekula sahani mbili akanishika mkono mbele ya dada yake. Sijui nimefanya nini hata nikapewa mtu huyu.

Jumatatu, 14 Juni

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Asubuhi nimepiga taipu orodha ya watakaobaki kazini. Nilipofika herufi ya N vidole vikasimama. Nikarudi juu, nikashuka tena. Jina la Mzee halipo.

Lile tangazo refu. Kila anayetaka kubaki ajaze fomu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asiyejaza atahesabiwa ameomba kupunguzwa. Yangu nimeijaza siku ileile ya kwanza. Fomu zote zilikuwa mezani kwangu, rundo zima, karibu na simu.

Wafumaji wasiojua kusoma walijaziwa na wenzao. Mzee hakuambiwa kwa sababu kila mtu anajua mie ndiye humsomea.

Miaka kumi na tisa yuko kwenye kile chumba. Nani mwingine hapa Ubungo atampa kazi?

Orodha nimeibandika. Saa mbili na nusu simu ikalia. Sikuinua. Ikalia mpaka ikakata.

Jumanne, 15 Juni

Mzee ameambiwa na Mama Zuhura wa ufumaji, aliyepita dirishani kumpa pole. Alidhani anataniwa.

Nikapanda ngazi. Nilimkuta kashika kibao chake cha nukta nundu, karatasi haina tundu hata moja. Nikaanza kueleza. Kazi zilikuwa nyingi, mashine ya taipu ilisumbua, sikupata nafasi. Akaniacha nimalize.

"Mwanangu, simu zako naziunganisha mie," akasema. "Jumatatu dakika kumi na tano. Jumanne ishirini. Yenu siyasikilizi. Saa tu naipapasa."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Sikujua pa kuweka mikono yangu, kucha zina hina bado, imefifia. Nimeshuka bila kuaga.

Nyumbani nikamweleza Salumu. Nilitegemea anibembeleze. Akauliza kama ni yule mzee anayemwita bwana harusi kila akipiga. Nikasema ndiye. Akaweka kijiko chini.

"Kesho nenda kaseme. Wakikufukuza tutakula mihogo."

Kwa mara ya kwanza nimeona aibu mbele ya mume wangu.

Jumatano, 16 Juni

Njiani nilikuwa na uongo tayari, mzuri kabisa. Fomu ya Mzee ilijazwa, ikapotea masjala. Hakuna ambaye angejua. Ila Mzee.

Nilipoingia kwa Mama Kisanga, afisa utumishi, ukanitoka ukweli. Kwamba tangazo sikulisoma. Kwamba niliulizwa siku tatu, siku zote tatu nikadanganya. Kwamba nilikuwa naongea na mume wangu kuhusu khanga. Akanipa karatasi niandike yote, nitie sahihi. Habari za khanga akasema niziache humohumo.

La Mzee atalipeleka juu, hana ahadi. Langu hajui.

Alhamisi, 17 Juni

Nimesoma ubao wote kwenye simu, juu mpaka chini, hata yaliyochakaa. Mzee anasema tu "endelea". Hanitanii. Salumu nimemwomba asipige kazini. Hajapiga.

Ijumaa, 18 Juni

Hakuna jibu. Nimesoma. Hakusema bibi harusi.

Jumatatu, 21 Juni

Karatasi mbili za kubandika. Ya kwanza ni onyo langu. Mama Kisanga ameamuru likae ubaoni wiki nzima, watu wajue sababu. Nimelipiga taipu mwenyewe. Nikalibandika juu, usawa wa macho. Wafumaji wawili walisimama nyuma yangu, mmoja akimsomea mwenzake polepole. Sikugeuka.

Saa mbili na nusu simu ikalia. Shikamoo. Marahaba. Kuna jipya? Nikasema yapo mawili. Nilitamani kuanza na zuri. Nikaanza na la juu.

Nilisoma jina langu lote, la baba na la babu. Kudanganya mfanyakazi mwenzake kwa makusudi. Nilisikia msumari wake wa nukta nundu ukitoboa, tk, tk, neno kwa neno. Aliandika yote.

"Rudia tarehe," akasema. Nikarudia.

La pili ni nyongeza ya orodha, jina moja. Nandonde, opareta wa simu. Msumari ukatoboa muda mrefu kuliko jina lenyewe, ukanyamaza. Hakusema asante. Wala sikuistahili.

Akauliza kama kuna la tatu. Nikasema hakuna. Kisha sikujiamini. Nikaulaza mkonga wa simu mezani, nikatoka mpaka getini, nikautazama ubao kona zote, nikarudi.

Hakuna, mzee.

Alikuwa bado yuko kwenye laini.