Kanyagio Ni Zima

Jumatatu, 3 Machi

Cherehani imenigomea. Yaani leo! Sare za shule zimejaa mezani hadi sioni mlango, na kanyagio limekufa. Nalikanyaga, halinijibu. Mara linakwenda mbio, mara limesimama, nami sijui hata kama nimelikanyaga au la. Mishono imepinda kama njia ya mlevi. Nimefumua kola tatu. Mimi, Mama Pindo! Walionipa jina hilo hawakunitania. Pindo langu halijawahi kupinda.

Nimemwita fundi wa vyerehani, yule tunayemwita Spana. Akafungua, akapaka mafuta, akabadilisha mkanda. Kasema mashine haina kitu. Haina kitu! Nikamwambia labda macho yake ndiyo hayana kitu. Ameondoka anacheka.

Jumanne, 4 Machi

Bado. Nimemwita tena Spana. Safari hii hakufungua chochote. Akavua kiatu, akakaa kwenye kiti changu — kiti changu! — akakanyaga. Ikaenda. Laini kabisa, mshono umenyooka.

"Mama Pindo, kanyagio ni zima," kasema. Polepole, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Halafu akaniuliza mguu wangu je, nao ni mzima?

Nimemfukuza. Mguu huu umeanza kukanyaga mashine yeye hajaota meno. Tena peku, maana fundi wa kweli huisikia mashine kwa unyayo. Aende zake.

Alhamisi, 6 Machi

Shati jeupe limeingia damu. Lilikuwa limeanguka chini karibu na kanyagio. Nikamgeukia wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, maana yeye ndiye anayeshona vifungo na anajichoma kila siku. Akaninyooshea vidole vyote. Safi. Kisha akatazama chini.

Wifi, mguu wako, kasema.

Sindano. Nusu ya sindano ya mashine, iliyovunjika sijui lini, imezama chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Pembeni pameshaanza kuwa peusi, panatoa maji. Na mimi nimekuwa nikiikanyagia tu! Tangu jana? Tangu juzi? Nimeichomoa kwa koleo, wifi analia kwa sauti, mimi mwenye mguu sisikii kitu.

Hapa hakuna anayesoma, basi naandika. Niliogopa. Ingeuma ningetukana, ningepata nafuu. Sasa nitukane nini?

Wifi amempigia simu binti yangu. Msaliti.

Ijumaa, 7 Machi

Kliniki. Binti yangu alifika asubuhi na uso wa hakimu. Kutoka nyumbani hadi kwenye foleni ni wimbo mmoja: sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia sikio langu halina neno, ni mguu ndio usiosikia. Hakucheka.

Sukari niliambiwa ninayo tangu mwaka juzi. Wakanipa vidonge. Nikameza, nikawa mzima, nikaacha. Mzima anameza dawa ya nini? Nilimwambia daktari hivyo hivyo, kichwa juu. Nimekula chumvi nyingi, nikasema, mtu hawezi kunifundisha mwili wangu. Yeye akasema ulikuwa mzima kwa sababu ya vidonge, mama. Sukari haiumi, ndiyo hila yake. Inakula mishipa ya fahamu kimyakimya, na miguuni ndiko inakopenda kuanzia.

Kisha kipimo. Nesi akaniambia nifumbe macho. Atanigusa unyayo kwa uzi mgumu, mfupi, nami niseme kila nikisikia. Uzi! Mimi nipimwe kwa uzi! Nikafumba. Nasikia, nikasema. Nasikia. Nasikia. Hapo pia nasikia. Kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

Nesi akasema, taratibu, kwamba bado hajanigusa.

Binti yangu akageukia dirishani. Nilitamani anicheke, lakini mabega yake hayakuwa yanacheka.

Nimepewa amri: vidonge kila siku, nijisikie vizuri nisijisikie vizuri. Bandeji ibadilishwe kila siku. Nisiukanyagie mguu. Peku ni marufuku, hata chumbani. Miguu ikaguliwe kila jioni, na nyayo zitazamwe kwa kioo. Jumatatu ya tarehe 17 wataangalia kama ule weusi umeshuka kwenye mfupa. Ukishuka, kidole kinakatwa. Na kidole kisipotunzwa hakiondoki peke yake, kasema daktari, kinavuta na mguu.

Jumapili, 9 Machi

Kikao cha familia. Kunihusu mimi, mbele yangu, kana kwamba mimi ni kabati linalotafutiwa mahali. Binti yangu anataka nihamie kwake nikae tu. Cherehani iuzwe. Nikae! Nikae nifanye nini, nifukuze nzi?

Wifi naye akatoa chupa ya mizizi chini ya meza. Kasema jirani alikunywa hiyo, akapona kabisa, vidonge akatupa. Nikamuuliza jirani huyo yuko wapi siku hizi. Akairudisha chupa chini ya meza. Tulikwenda kumzika wote wawili, mimi na yeye.

Nikapiga meza, vikombe vikaruka. Mguu ni wangu, sukari ni yangu, cherehani ni yangu! Vidonge nitameza. Viatu nitavaa. Chai nitakunywa chungu kama shubiri. Lakini hapa siondoki, na mashine haiendi kokote. Binti yangu akalia. Kasema hataki kunizika vipande vipande.

Hilo lilinichoma. Sikumwonyesha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemburuta wifi kliniki apimwe na yeye. Alienda akinung'unika kwamba yeye haumwi. Kumbe presha yake iko juu kuliko sauti yake! Na hakuwa anasikia chochote. Ametoka na pakiti ya vidonge, mnyonge kabisa. Nikamwambia karibu chamani.

Jumatano, 12 Machi

Nimekanyaga kwa mguu wa kushoto. Nani alikataza wa kushoto? Sare zinadaiwa, shule inafungua. Nimeshona mashati manne, nimenyooka kwenye kiti kama malkia.

Kliniki, nesi kafungua bandeji, imelowa. Mguu wa kushoto ukikanyaga, wa kulia nao unajikaza, kasema. Halafu akachukua uzi wake, akaupima ule wa kushoto. Nilikuwa nimefumba macho, nimejiandaa. Nilingoja. Nikadhani anachelewa.

Nilipofumbua, alikuwa anafungasha vifaa. Amemaliza.

Alhamisi, 13 Machi

Sikushona. Sikuongea na mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Spana kaja bila kuitwa. Mkononi kishikio cha chuma, kile cha mashine za kuzungusha kwa mkono. Hakunipa pole. Angenipa pole ningemrushia pasi. Akatoa mkanda, akafunga kishikio kwenye gurudumu, akakaza, akasema mkono wako nao ni mzima au nao nibishane nao?

Nimecheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Kazi ngumu! Pindo la kwanza limepinda. Limepinda kweli, hata kipofu angeliona. Wifi akasema si neno, ni la ndani, halionekani. Halionekani? Nimelifumua lote, nimeanza upya. Kidole wakichukue wakitaka, pindo langu halitoki hapa likiwa limepinda.

Jumatatu, 17 Machi

Benchi la kliniki. Naandikia magotini. Viatu nimevaa vyote viwili, vipana, vya kufunika, vibaya kupita kiasi. Bado mtu mmoja mbele yangu.

Jana jioni wifi ndiye aliyeshika kioo. Nikamuuliza weusi umefika wapi. Kasema tumngoje daktari. Wifi! Mtu ambaye hajawahi kungoja mtu amalize sentensi. Akaweka kioo chini, akaanza kukunja mashati yaliyokwisha kukunjwa.

Binti yangu amekaa ubavuni. Ya kuuza mashine hayazungumzi tena. Amevaa blauzi niliyomshonea juzi kwa mashine ya mkono, anashikashika pindo, haachi.

Wameniita. Nesi yuko mlangoni, naona anao ule uzi. Binti yangu ameninyooshea mkono. Nitampa daftari ashike, njia naijua mwenyewe.

Leo sidanganyi. Nitafumba macho, na nisiposikia nitanyamaza. Wasikie wao ninavyonyamaza.